Kilicholala Nyuma ya Pua

Kama ulitaka kumtambua Noëlla kati ya wauza samaki wa soko la Bunia, hukuhitaji kuuliza jina. Ulitazama mikono. Lori la Kasenyi, kule ziwani, lilipofika na mizigo ya samaki wa chumvi, wenzake walipanda juu ya gurudumu ili kuyavuta magunia. Yeye alisimama chini tu na kuyafikia. Wanawake walimtania kwamba siku Mungu alipokuwa akimpima mikono alikuwa anapiga soga na malaika, akasahau kukata.

Alikuwa na sifa ya pili: hakuwa na kinyaa. Jua la mchana likiwapiga wale samaki, hata wazoefu walijifunga pembe ya kitenge puani. Noëlla alikaa juu ya gunia lilelile akala muhogo wake kwa raha zake. Mama yake, Berthe, alijivunia hilo. Kilichomkera ni kwamba msichana alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa kununua. Kila alipotumwa peke yake kupokea mzigo, alirudi na samaki waliooza katikati, na wanunuzi wakawarudisha huku wakitukana. Berthe alimgombeza mpaka koo likamkauka, akimwuliza pua yake aliiacha wapi.

Hayo yalikuwa madogo. Miaka ile ya themanini, nchi ikiitwa Zaire, Noëlla alikuwa amefika umri ambao wenzake aliosoma nao kwa masista walishabeba mtoto wa pili mgongoni. Yeye alikuwa amerefuka tu. Kifua chake kilikuwa kama cha kaka zake, makwapa laini kama ya mtoto, na mwezi wake haukuwahi kufika. Berthe alimwekea vitambaa tangu zamani. Alivifua, akavikunja, akavifua tena, kama mtu anayempikia mgeni ambaye hatokei.

Ndipo mwalimu mmoja wa Mahagi, asili ya baba yake Noëlla, alipotuma watu kuposa. Kwa watu wa kule, habari za mwili wa msichana hazisemwi na mama. Ni kazi ya shangazi, dada ya baba. Akaitwa Bernadette, dada mkubwa wa Gérard, mume wa Berthe. Bernadette alikuwa mama wa watoto sita, mwenye sauti nene, na hata wanaume wa ukoo walikohoa kwanza kabla ya kumsemesha. Aliingia chumbani na Noëlla, akatoka, akakaa, akapanga kitenge chake magotini.

“Muke ya ndugu yangu alilala,” alisema mbele ya wageni. “Mi nilikiona kile kitovu na macho yangu. Mutoto amefungwa juu ya usingizi ya mama yake.”

Kila aliyekuwa pale alielewa. Kipande cha kitovu cha mtoto mchanga kinapokauka na kudondoka, hakitakiwi kuangukia sehemu zake za siri. Kikigusa pale, mtoto anafungwa: wa kiume hatakuwa mwanaume, wa kike hatakuwa mwanamke. Ndiyo maana mama mpya huambiwa akae macho, mkono wake ukiwa juu ya tumbo la mtoto. Na Berthe, siku ile, alilala. Alikuwa amevuja damu nyingi, usingizi ukamchukua bila kumwomba ruhusa. Aliyekuja kukifungua kitambaa ni Bernadette, akakikuta kipande kile kikavu kati ya mapaja ya mtoto. Hakusema neno wakati ule. Alimtazama tu wifi yake, na Berthe aliishi na jicho lile miaka yote, akijiuliza kila alipomwogesha binti yake: kiligusa, au hakikugusa?

Wageni walimaliza chai yao wakaondoka. Mwalimu alioa kwingine kabla hata ya Pasaka, kwa hiyo tusimpotezee muda. Ukoo ndio uliobaki. Ilikubaliwa kwamba wazee wa Mahagi wakija Bunia kwa Noeli, watakaa kikao, na Berthe atajibu. Akipatikana na kosa, atarudishwa kwao, na Gérard atatafutiwa mke mwingine wa kumzalia mabinti wasiofungwa. Walikuwa wamefunga ndoa kanisani, ndiyo, lakini ukoo ukikaa hauombi ruhusa kwa padri.

Gérard alikuwa mtu wa duane, yaani forodha, kule Aru mpakani, akirudi nyumbani mtaa wa Ngezi, Bunia, mwisho wa mwezi. Alimpenda mkewe na kumwogopa dada yake, na siku nyingi woga ulishinda. Lakini safari hii alifikiri, akasema jambo la maana.

“Mbele jamaa bakae, muende kwa dokta,” alisema. “Na Bernadette aende na nyinyi. Basiseme kama tulinunua maneno.”

Basi wakaenda watatu hospitalini, asubuhi, Bernadette akiwa mbele kana kwamba yeye ndiye mgonjwa. Muuguzi aliita “Citoyenne Afoyorwoth”, yaani raia, kwa jina lake la kikwao, kwa maana wakati ule serikali haikutaka majina ya ubatizo kwenye karatasi zake, na Noëlla akainuka. Daktari aliitwa Katsuva, mtu wa Butembo, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Aliuliza taratibu. Mtoto aliwahi kulala na njaa muda mrefu? Aliwahi kukohoa damu, kulazwa kwa ugonjwa wa kifua? Kuna watoto katika ukoo waliokufa kwa upungufu wa damu wa kuzaliwa nao? Kila mara Berthe alijibu hapana. Daktari aliitazama shingo ya Noëlla, akamwangalia urefu, akasema kuna wasichana wanaochelewa kwa sababu waliumbwa wafupi na pungufu tangu mwanzo, lakini huyu si mmoja wao. Kisha akaingia naye nyuma ya pazia pamoja na muuguzi, na waliporudi uso wake ulikuwa wa mtu aliyekaribia jambo.

“Kila kitu iko pa nafasi yake,” alisema. “Hakuna kitu inakosekana. Lakini yote imelala.”

Akamsimamisha Noëlla ukutani, akamwambia anyooshe mikono, akapima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kisha kutoka utosini hadi kisiginoni. Mikono ilikuwa imeushinda urefu wa mwili. Berthe, kwa aibu, akaanza kueleza ule utani wa Mungu na malaika. Daktari hakucheka.

“Mama, mifupa nayo inangojaka amri,” alisema. “Musichana akianza kuwa mwanamuke, amri inatoka: sasa inatosha, acheni kurefuka. Kwa huyu, ile amri haiyafika bado. Mifupa yake iko inangoja.”

Berthe alimgeukia binti yake. Miaka yote hiyo soko zima liliicheka mikono ile, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, na kumbe ilikuwa ikisema. Mwili wa mtoto wake ulikuwa umesimama kama askari mlangoni, ukisubiri neno ambalo hakuna aliyelituma.

Daktari akakaa, akamgeukia msichana.

“Noëlla, weye unasikiaka harufu?”

Noëlla alimtazama mama yake kwanza. “Ndiyo, Dokta.”

“Bon. Funga macho.”

Alimletea puani kopo la kahawa ya unga, ile ya kwetu, iliyokaangwa juzi. Noëlla alingoja. Alimletea kipande cha sabuni, kisha ganda la chungwa alilolikamua kwa kidole. Msichana aliendelea kungoja, kwa adabu, kama mtu anayengoja kitendo kianze. Mwishowe daktari akafungua chupa ya maziwa yaliyochacha tangu wiki iliyopita. Berthe, aliyekuwa mbali kwenye kiti chake, alijiziba uso kwa kitenge. Noëlla aliivuta hewa ile kifua kizima, uso wake ukiwa mtulivu kama maji ya mtungi.

“Anacheza, Dokta,” Berthe alisema. “Huyu anauzaka samaki.”

Noëlla akafumbua macho, na machozi yakawa tayari yamejaa.

“Mama, ile kitu batu banaita harufu, mi siijue,” alisema. “Nilifikiri ni adabu tu, sawa kusalimia. Mutu akifunga pua, na miye nafunga, ila ku soko, kule nilichoka. Akisema inanukia muzuri, na miye nasema inanukia muzuri. Nilifikiri batu bote banafanya vile.”

Berthe aliona kitu cha kutisha na cha ajabu kwa pamoja. Alimzaa mtoto huyu, alikula naye sahani moja, alilala naye mkeka mmoja, na kumbe mtoto alikuwa akiishi peke yake katika dunia nyingine, dunia isiyo na moshi wala mvua wala samaki, na hakuna aliyejua mlango wake ulipo. Alikumbuka magunia yaliyooza na maneno aliyomtupia. Akamshika mkono, ule mrefu, akaubana.

Daktari aliichukua kalamu, akachora kichwa cha mtu kwa upande. Nyuma ya pua, ndani ya ubongo, aliweka alama ndogo. Hapa, alieleza, ndipo harufu zinapopokelewa. Na hapa, jirani kabisa, kuna mahali padogo kama punje ya mtama panapotuma amri kwenye tezi iliyo chini yake. Tezi inaamsha mayai ya msichana, mayai yanaamsha kifua, tumbo la uzazi na kila kitu. Wakati mtoto anaumbwa, majirani hawa wawili wanajengwa pamoja. Kazi ikiharibika pale, wanaweza kuharibika wote wawili. Pua inakosa harufu, na mwili unakosa wa kuuamsha. Mashine ya kupima damu kwa ajili ya jambo hilo hakuwa nayo, alisema, lakini pua ya Noëlla ilikuwa imeshajibu.

“Na kitovu, Dokta?” Bernadette aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa.

“Kitovu ya lini?”

Bernadette akaeleza, neno kwa neno, usingizi, kitambaa na mapaja. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu, maana naye alikuwa amezaliwa na mama na alizijua hadithi hizo.

“Mama, hii kazi iliharibika mbele mutoto azaliwe,” alisema. “Alikuwa mudogo sawa punje ya maharagi. Mama yake hakujua hata kama iko na mimba.”

Berthe aliinamisha kichwa. Alikuwa akirudi nyuma, mwezi kwa mwezi, akipita siku ya kitambaa, akipita uchungu, akipita teke la kwanza la mtoto, mpaka akafika mahali ambapo hakuwahi kufika kwa mawazo. Majuma yale alikuwa akicheza ngoma kwenye harusi ya binamu yake kule Mahagi, kiuno chepesi, hajui lolote. Na ndani yake, katika giza, katika kitu kisichozidi punje, pua ya mtu ilikuwa inajengwa, na uanamke wake palepale ubavuni, na fundi akakosea. Nani angeweza kuweka mkono pale? Macho gani yangekesha kuilinda kazi ile? Miaka kumi na tisa alijilaumu kwa usingizi wa alasiri moja.

“Hii kitu inatembeaka ndani ya damu ya jamaa,” daktari aliendelea. “Kuko mutu mwengine hasikie harufu?”

“Kwetu hakuna,” alisema Berthe.

“Kwetu vilevile hakuna,” alisema Bernadette, upesi kidogo.

Daktari akasema ni vizuri kuhakikisha, maana wenyewe wameshaona jinsi mtu anavyoweza kuficha bila kujua kwamba anaficha. Akampa Berthe ile chupa ya maziwa. Berthe akakunja uso. Akampa Bernadette, naye akakunja uso, tena kuliko Berthe. Kisha daktari akawapa mgongo, akatia kitu katika chupa nyeusi ya dawa, na safari hii akaanza na Bernadette.

Bernadette aliipeleka puani. Akamtazama Berthe. Lakini uso wa Berthe haukuwa na habari yoyote, kwa kuwa alikuwa hajanusa bado. Bernadette akamtazama muuguzi. Akamtazama daktari. Kisha akaisukuma chupa mbali na uso wake.

“Imeoza,” alisema.

Berthe akaipokea. Ndani yake mlikuwa na ganda la chungwa, tamu, bichi, linalotamanisha. Aliinua macho. Noëlla alikuwa ameshaelewa kabla yao wote, kwa maana aliijua kazi ile ya kusoma nyuso tangu utoto. Alikuwa akimtazama shangazi yake kama mtu aliyemkuta ndugu ugenini.

Daktari hakuongeza chumvi. Alisema tu, akiwa ameangalia karatasi zake, kwamba katika jamaa moja kazi ile inaweza kumharibikia mtu kidogo, ikachukua pua tu na kumwachia uzazi wote, na mwingine ikamchukulia vyote viwili. Bernadette alijifunga kitenge upya ingawa hakikuwa kimelegea. Njia nzima ya kurudi Ngezi alitembea nyuma.

Noëlla alipewa vidonge. Masista wa hospitali waliposikia kwamba ni ndugu wa vile vya kupanga uzazi walikunja uso, na Katsuva akawajibu kwamba ufunguo uleule unaofunga mlango ndio unaoufungua. Kuhusu kuzaa hakumdanganya mtu. Ingehitaji sindano nyingine, ghali, ambazo yeye hajawahi kuziona Zaire. Labda siku moja. Lakini mwili, alisema, huo tutauamsha.

Na uliamka. Berthe ameona mengi, ameona ziwa likirusha mitumbwi kama makapi, lakini hajaona kitu kama miezi ile. Asubuhi moja Noëlla alimwita bafuni kwa hofu, akashika kifua, akasema kuna kitu kinauma. Berthe akagusa. Chini ya ngozi palikuwa na uvimbe mdogo kama karanga. Alipiga magoti palepale penye maji ya sabuni, akalia na kucheka, huku binti yake akiuliza kama ni kansa. Baadaye upande wa pili nao ukafuata. Mashavu yakajaa, nyonga zikaanza kujitafutia umbo, na kila Jumapili gauni la kanisani lilibana mahali papya. Kidonge kidogo, cheupe, usichoweza kukitofautisha na punje ya mchele, kiliita, na mwili uliolala miaka yote ukaitika. Berthe alikuwa na woga mtakatifu wa kile kichupa. Alikiweka karibu na rozari.

Bernadette hakukanyaga Ngezi miezi yote hiyo.

Noeli ikafika, na wazee nao. Walikaa uani kwa Gérard, kwenye viti vya kuazima. Gérard akaeleza habari ya hospitali, na Noëlla akapita mbele yao na maji ya kunawa ili waone wenyewe. Wakaona. Wakatikisa vichwa. Lakini mzee wa ukoo, baba mdogo wa Gérard, hakuwa mtu wa kubabaishwa na kidonge.

“Dawa ilifungua, tunashukuru,” alisema. “Lakini mulango haijifungake yenyewe. Tunauliza ni nani alifunga.”

Berthe akasimama. Jibu alikuwa nalo mdomoni, kali na lililoiva, na alikuwa ameliandaa tangu siku ya ile chupa nyeusi. Nyani haoni kundule. Angelisema hivyo hivyo, na uwanja mzima ungemgeukia Bernadette. Akamtafuta kwa macho. Bernadette alikuwa amekaa mwisho wa mkeka wa wanawake, mgongo umepinda, akimtazama usoni kwa namna ile ile, akisubiri kuona uso utasema nini ili naye ajue afanye nini. Huruma ilimkamata Berthe mahali ambapo alitegemea hasira.

“Dokta alisema ni kazi ya mbele ya kuzaliwa,” alisema. “Mi sikufunga mutoto wangu. Sina maneno mengine.”

Akakaa. Mzee akaguna, akasema maneno ya daktari ni ya daktari, ukoo unataka shahidi. Wanaume wakaanza kunong'onezana, na Gérard akatazama viatu vyake. Ndipo Bernadette alipoinuka, taratibu, akishika bega la aliyekaa karibu naye.

“Shahidi ni miye,” alisema. “Mi ndiye nilisema kitovu. Kitovu haina makosa. Hii kitu inatoka kwetu, kwa damu yetu. Hata miye sisikiake harufu, tangu nizaliwe. Nilificha kwa sababu nilifikiri ni ujinga yangu.” Akameza mate. “Muke ya ndugu yangu alijua. Tangu hospitali alijua, na leo amenyamaza. Mukitafuta mutu wa kurudisha kwao, basi murudishe miye, na miye niko kwetu tayari.”

Hakuna aliyecheka. Mzee alijipapasa pua bila kujua kwamba anajipapasa. Halafu akasema kesi imekwisha, na kama kuna chakula kiletwe.

Jikoni wanawake walipakua bila kusemezana sana. Mke wa mdogo wake Gérard alikuwa na mtoto wa siku chache, akamweka mikononi mwa Bernadette ili apate kukoroga ugali. Bernadette akaileta pua yake kwenye utosi wa mtoto, kama wanawake wote wafanyavyo, kama alivyowafanyia watoto wake sita. Akabaki hivyo. Alipoinua kichwa, alimwita wifi yake kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

“Berthe. Mutoto muchanga ananukiaka namna gani?”

Miiko ikasimama. Maisha yake yote Berthe alikuwa amenusa vichwa vya watoto, na hakuna aliyewahi kumwomba aieleze harufu hiyo. Alimchukua mtoto, akainama, akavuta hewa, akafikiri, akavuta tena.

“Sawa maziwa yenye imetoka ku moto,” alisema polepole. “Na kitenge yenye imekauka mu jua. Lakini haiko vile. Ukinusa, unaona sawa umefika kwako, na hauna tena pa kwenda.”

Bernadette alikuwa amefumba macho.

“Sema tena,” alisema, na Noëlla akaweka chini sahani alizobeba, akasogea karibu.